Friji Iliyozibwa Mdomo

Ofisini walimwita Mkato, na jina alilichuma mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupanga jinsi friji za chanjo zinavyotuma habari mtandaoni, naye alitaka kila ujumbe uwe na vitu vitatu: namba ya friji, saa na joto. Basi. Mwenzake wa meza ya pili, Domo, alitaka nafasi arobaini za akiba, eti ya kesho hayajulikani. Wakabishana miezi miwili mpaka watu wakawakimbia. "Ya kesho tutayajua kesho," Mkato akasema, akashinda. Na kwa kiburi tu akaongeza sharti: ujumbe wenye kitu cha nne ni takataka, utupwe.

Haya, kesho si ikaja! Zikanunuliwa friji mpya zinazotaja pia kama mlango uko wazi. Hakuna aliyemwambia Mkato, naye hakuuliza. Moja ikapelekwa Jumamosi asubuhi zahanati anayofanyia kazi mdogo wake, muuguzi.

Jumatatu asubuhi mdogo wake akapiga simu. Chanjo zimeharibika zote, na tangu Jumamosi ofisi haikupata ujumbe hata mmoja. Mganga mkuu anasema muuguzi ndiye aliyeacha mlango wazi, kisha akachomoa kifaa cha kutuma habari ili afiche uzembe. Saa nane kamati inamfukuza kazi.

"Dada, nilifunga," alisema. "Nani ataniamini?"

Mkato akafungua faili la takataka. Loo! Jumbe mia mbili themanini na nane, moja kila dakika kumi, siku mbili nzima. Joto linapanda, na mwisho wa kila ujumbe, kile kitu cha nne: mlango umefungwa. Friji yenyewe ndiyo mbovu.

Domo akaja mbio na arobaini zake. Mkato nusura amtupie kiti. Arobaini za nini? Ilitosha kauli moja, ya bure kabisa: usichokijua kiruke, soma unachokijua. Maneno manne, na yeye bingwa wa ufupi hakuyaandika!

Saa saba na nusu aliiandikia kamati, akaambatanisha jumbe zote. Domo akamshauri ajieleze kidogo, ajitetee, asije akafukuzwa yeye. Mkato akaituma ilivyo. Barua ilikuwa na mistari miwili: "Muuguzi alifunga mlango, na friji ilisema mara mia mbili themanini na nane. Aliyeiziba mdomo ni mimi."