Jina Jipya la Meli

Mgeni alifika kwetu Kikwe na picha ndani ya bahasha. Aliiweka mezani, lakini hakuondoa mkono wake juu yake. Alitoka Tanga. Alimwambia baba yangu mkubwa kwamba babu yake alizaliwa huko, na mzee aliyemzaa babu huyo alikuwa Mmeru wa ukoo wetu. Baba Mkubwa alimkagua kuanzia viatu kwenda juu, kisha akaninong'oneza, "Huyu anatafuta shamba."

Nami nilifikiri hivyo hivyo.

Picha ilikuwa ya meli ya moshi, na wapakiaji wa makaa wamejipanga ukingoni. Mmoja wao, ambaye mgeni alisema ndiye mzee huyo, alikuwa na ndewe ya sikio la kushoto iliyochanika. Kwetu kila mtoto alisimuliwa habari za sikio lile. Mwenye nalo alikuwa kaka wa baba wa babu yangu. Wajerumani waliwachukua yeye na mdogo wake kubeba mizigo hadi pwani. Mdogo akarudi peke yake, akasema kaka amekufa kwa homa hukohuko, na baada ya matanga akamrithi mjane pamoja na shamba. Sisi sote, Baba Mkubwa na mimi, ni uzao wa mdogo yule.

"Ni yeye, sikatai," Baba Mkubwa alisema. "Ila tazama hili boya."

Boya la duara lilining'inia ukingoni, limeandikwa jina la mwanamke wa Kijerumani.

"Picha ya enzi za Mjerumani," akaendelea. "Alipigwa picha hii, kisha akafa. Babu yako alizaliwa lini?"

"Enzi za Mwingereza, mzee."

"Basi alizaliwa na maiti?"

Mimi nina studio ya picha Kwa Mrombo, nikajitolea kuikuza picha ile ili tuone vizuri. Nilitaka kumnasa. Mgeni hakuniamini, alikataa kuniachia, akaja nayo mwenyewe na kusimama nyuma yangu wakati skana ikifanya kazi.

"Usiibadilishe," alisema.

"Nibadilishe nini?"

"Sijui. Nyie ndio mnajua."

Nilipoikuza sehemu ya mbele ya meli, herufi zilijitokeza. Halikuwa jina la boyani. Lilikuwa jina la mji wa Uingereza, limepakwa rangi mpya, na chini yake zilionekana kwa mbali herufi za jina la zamani zilizofunikwa. Nikatafuta mtandaoni. Meli ilijengwa na Wajerumani wakaiita jina la yule mwanamke. Waingereza walipoiteka vitani wakaipa jina la mji wao. Ilipouzwa baadaye ikapewa jina la tatu. Kwa hiyo picha ilipigwa katika enzi ya jina la pili, tena mwanzoni kabisa, kabla hata maboya hayajaandikwa upya.

Mjerumani alikuwa ameshaondoka, na marehemu wetu alikuwa amesimama melini, mzima, na sikio lake.

"Kwa hiyo hakufa," mgeni alisema taratibu. "Nani aliwaambia amekufa?"

Nikazima skana. Alijua jibu.

Tulirudi Kikwe, nikamweleza Baba Mkubwa yote. Aliniuliza mara mbili kama kompyuta haiwezi kubuni herufi. Kisha akamgeukia mgeni. "Mnataka nini?"

"Babu alipokuwa anakaribia kufa alisema baba yake hakuwahi kueleza kwa nini harudi kwao," mgeni alisema. "Nilitaka kujua kama alifukuzwa."

Hakutaja shamba. Siku ya pili aliondoka, na Baba Mkubwa hakumsindikiza hadi barabarani.

Wiki iliyofuata Baba Mkubwa alinipigia simu, akataka nakala ya picha ile.

"Hapo mbele pakate," alisema. "Pale penye jina."

Nilimpelekea picha nzima. Aliipokea bila kuniangalia, akaiingiza chumbani kwake, na mpaka leo sijui kama ameitundika au ameichoma.