Siku Nilipoikaribisha Sparkhill Paris

Mnaniona nacheka, lakini aibu ya siku ile mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto, na anayetaka kujua kwa nini mke wangu hunibana mkono kila ninapoagana na mtu mlangoni, basi akae nimsimulie mie mwenyewe kabla hajasimuliwa na wengine, maana wengine wanatia chumvi (mie natia kidogo tu, ya kuonjea).

Ilikuwa miaka ile ya sabini, tunakaa Sparkhill, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, kazi yangu kufunga milango ya magari kiwandani, na mke wangu, Mama Salim, nilikuwa nimemwahidi kitu kimoja tangu Unguja, kwamba nitampandisha ule mnara wa chuma wa Paris. Nilimwahidi posa bado haijajibiwa, na mwanamme anayeposa anaahidi hata mwezi. Miaka ikapita, watoto watatu wakaja, mnara hakuna. Yeye alijishonea gauni la manjano la kwendea huko, akalitundika kabatini, na kila nikifungua kabati kutafuta soksi lile gauni linanitazama kama mama mkwe.

Basi mwaka ule kiwanda kilipofunga kwa mapumziko ya kiangazi nikasema sasa ndiyo sasa, siku tatu Paris, mie, yeye, Salim na wadogo zake wawili. Paspoti tayari, tiketi za meli tayari, Salim keshawatangazia darasani kwao kwamba atawaletea picha ya mnara, na gari nikaazima kwa muuza nguo mmoja wa Stratford Road, veni kubwa la viti kumi na viwili kwa kuwa dogo hakuwa nalo. Mama Salim akalizunguka lile veni, akaniambia, "Baba Salim, viti vyote hivi, chunga mdomo wako."

Sasa mdomo wangu una kosa gani? Kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, hata kama umebakisha mfupa, naye atasema ahsante nimeshiba, hata kama hajala tangu jana, na mambo yamekwisha. Ndivyo tulivyolelewa. Basi nami safari nikaifanya kama sinia la wali. Kwa muuza nyama nikamkuta Bi Rukia, bibi mmoja jirani yetu, akaniambia, "Nasikia mwaenda Paris, mwanangu," nikamjibu, "Karibu Bi Rukia, nafasi ipo," akacheka. Nikamkuta kituo cha basi, nikamkaribisha. Nikapita mlangoni kwake, nikamkaribisha tena. Kiwandani nikamkaribisha Otieno, kijana wa Kisumu niliyekuwa nikifunga naye milango, na kinyozi wangu Kombo nikamkaribisha yeye na wanawe na wembe wake uko shingoni kwangu (wewe ungefanyaje?).

Asubuhi ya safari nafungua mlango, Bi Rukia huyo, kakalia sanduku lake, na pembeni kuna furushi la masufuria kalifunga kwa kanga mbili.

"Bi Rukia, safari ya wapi?"

"Paris. Si ulinikaribisha?"

"Nilikukaribisha, lakini..."

"Mara tatu, mwanangu. Ya kwanza ni adabu, ya pili ni heshima. Ya tatu mtu anataka uende."

Mara Otieno huyo anakuja na kamera shingoni. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba ile karibu ilikuwa ya mdomoni tu.

"Mzee, kwetu mtu akikuambia kuja, unakuja," akasema. "Hiyo ingine ya mdomoni ningejuaje?"

Na kabla hatujamaliza, Kombo akakata kona na mkewe na watoto wanne, wote viatu vipya, mtaa mzima unanuka udi.

Mama Salim akatoka na gauni lake la manjano. Akawatazama wao, akanitazama mie. "Karibuni, ingieni garini," akasema, na karibuni ile ilikuwa na meno.

Tukabanana, mtoto mmoja wa Kombo akapakatwa, tukaenda na nyimbo njia nzima mpaka Dover, bandari ya kuvukia Ufaransa. Habari ya paspoti hakuna aliyeitaja. Mie nilidhani kila mtu anayo yake, na wao walijua wana mwenyeji, na mgeni hamuulizi mwenyeji kama kapika.

Pale bandarini ofisa akataka paspoti, nikatoa zetu tano, akasema na nyingine. Nikageuka nyuma. Mikono mitupu. Kombo anatazama viatu vyake. Bi Rukia akasema, "Mie niliwaonyesha uwanja wa ndege siku niliyoingia Ulaya. Sijatoka Ulaya mpaka leo, wanataka ya nini tena?" Salim akamfasiria kwa Kiingereza, neno kwa neno, na yule ofisa akavua kofia akajikuna mpaka nikadhani kichwa kitatoboka. Mwisho akasema wenye paspoti wapande, wengine wabaki, na meli ndiyo hiyo inapiga honi, na nyuma yetu magari yamepanga foleni mpaka London, kila dereva anatutolea macho.

"Nendeni wanangu," Bi Rukia akasema. "Mie nitakaa hapa hapa na masufuria yangu, mtanikuta."

Niliomba ardhi ipasuke. Mama Salim aliitazama meli, akalitazama gauni lake, akamtazama bibi wa watu.

"Geuza gari," akaniambia. "Mgeni haachwi bandarini."

Tukapanda kilima kimoja cheupe cha chokaa kilicho juu ya bandari, tukakaa kwenye majani, meli tunaiona inakwenda zake. Otieno akanyoosha kidole, "Ona, Ufaransa ile pale," na kweli ilikuwepo, nyembamba kama uzi. Pilau ya masufuria ya Bi Rukia ikapakuliwa. Salim hakula, analia, atawaambia nini wenzake darasani, na mie kila tonge linanikwama.

Bi Rukia akamwuliza, "Huo mnara wenyewe ukoje?"

"Chini mpana, Bibi, juu mwembamba."

"Basi mbona ninao."

Akalipindua sufuria kubwa tupu chini, dogo juu yake, dogo zaidi, kisha birika, na juu kabisa kawa lake la kufunikia chakula, lile lenye ncha. Upepo unausukuma, watoto saba wanaushika huku na huku, mke wa Kombo anapiga vigelegele, Otieno anapiga picha. Akapita Mzungu na mbwa wake, kasimama anashangaa, na mie (mdomo huu!) nikamwambia karibu. Akakaa. Akala sahani mbili, na mbwa naye sahani yake.

Hapo Mama Salim akacheka, akacheka mpaka akaketi chini na gauni lake la manjano, na mie ndipo nikameza tonge. Salim alipeleka ile picha shuleni, mwalimu akaibandika ukutani.

Mwaka uliofuata Mama Salim alipanga mwenyewe. Aliniambia tunakwenda Coventry kumtazama mgonjwa, nikavaa makubadhi yangu, viatu vya wazi vya kushindia nyumbani, nikapanda treni, nikapanda treni ya pili, najiuliza huyu mgonjwa kahamishwa wapi, na nilipoona bahari ndipo nikajua. Nikaingia Paris na makubadhi.

Kule juu ya mnara akakisikia Kiswahili chetu bwana mmoja wa Mombasa. Akauliza mwakaa wapi. Nikamwambia Birmingham, karibu. Akasema ahsante. Nikamwambia karibu sana, nyumba yako ile. Mdomo unafunguka tena, nikasikia kucha mkononi.

Basi mie sasa nakaribisha mara mbili tu. Ya tatu anayo Mama Salim, na akiitoa yeye, fungeni mizigo. Na paspoti msisahau.