Mcheza Dansi wa Butembo Anayesubiri Mtu Ainuke

Saa moja asubuhi, ghala la kahawa la Bulengera, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, limeshajaa wanawake. Wameketi chini kwa safu mbili, miguu imenyooshwa, kila mmoja na rundo lake mbele. Mikono inakwenda mbio: punje nyeusi huku, zilizovunjika kule, nzuri zinabaki. Katikati ya safu ya pili ameketi Kavira Séphora, miaka ishirini na saba, mcheza dansi aliyekwisha kupanda jukwaani Kampala na Ubelgiji.

Kuchambua kahawa hakujui sana. Simsingizii, anakiri mwenyewe, na Mama Berthe anayekaa kando yake hachoki kumkumbusha.

"Angalia huyu na Ulaya yake," Berthe ananiambia huku akichokoa punje nyeusi kwenye rundo la mwenzake. "Kahawa mubaya anaziachaka mu mazuri. Mukubwa wa depo akikuya, sisi bote tunapata makelele."

Séphora anacheka mpaka anafuta machozi. Siku ikiwa nzuri, kazi hii humpa faranga elfu sita. Dansi humpa zaidi, lakini mara moja kwa mwaka, na tumbo haliwezi kungoja mwaka.

Saa sita, wenzake wanapofungua chakula, yeye anatoka kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa. Anavua kandambili, anatembea taratibu, kisha magoti yanamlegea na anaanguka mzimamzima, bila kujikinga kwa mikono. Mimi nilishtuka nikainuka nusu. Wanawake wa ghala hata hawakugeuka, wamezoea.

Hicho ndicho kipande cha mwisho cha dansi yake ya dakika thelathini, aliyoipa jina la "Sakafu". Mchezaji anaanguka, analala, na halali kwa muda uliopangwa. Analala mpaka mtu mmoja kati ya watazamaji asimame, aende kumwinua.

"Mwisho haiko kwangu," anasema akijipangusa vumbi. "Mimi nalala tu. Mutu anasimama, anakuya, ananiinua. Hapo njo imeisha. Kama hakuna mutu, dansi haiishi."

Hapo ndipo penye shida yake yote.

Séphora alizaliwa Alimbongo, akaletwa Butembo na shangazi yake akiwa na miaka tisa. Dansi aliianzia kanisani, kati ya wale wasichana wanaocheza mbele ya altare siku za Jumapili, ambao hapa huitwa joyeuses. Alipofika sekondari akakutana na Grady, mwalimu wa Kifaransa aliyehamishiwa huku kutoka Kinshasa, aliyekuwa na klabu ndogo ya dansi ya kisasa baada ya masomo. Grady ndiye aliyemfundisha kuanguka bila kuvunjika, na ndiye aliyemtafutia nafasi ya miezi sita katika kituo cha mafunzo Kampala.

Aliporudi, mwaka 2021, akaonyesha kazi yake ya kwanza katika ukumbi wa parokia, Kimemi. Wakati huo kuanguka kulikuwa katikati ya dansi. Alipanga kulala kidogo, ainuke, aendelee. Lakini hakuna aliyewahi kuona dansi ya namna hiyo Kimemi. Séphora alipoanguka, muziki ukanyamaza, watu wakaona msichana wa watu amezirai.

Mama wa Butembo hatoki nyumbani na kitenge kimoja. Anajifunga kimoja, cha pili anakibeba begani kwa mvua, kwa mtoto, kwa lolote litakalotokea. Mwanamke mmoja wa safu ya tatu akapita juu ya viti, akavua kile cha begani, akamfunika miguu. Wengine wakafuata. Baada ya dakika moja mcheza dansi alikuwa chini ya vitenge saba, mmoja anampepea, mwingine anasali Salamu Maria kwa sauti ya kutoboa paa.

Mwanamke wa kwanza alikuwa Berthe.

"Nilizania ni kifafa," anasema. "Nikapiga kelele, omwana wethu! Mutoto wetu anakufa na bantu banaangalia! Kumbe madame iko na kazi." Anamsukuma Séphora begani. "Alipofungua macho akaniambia, mama, acha, ni danse. Nasikia haya mpaka leo."

Grady aliona mambo yameharibika. Séphora aliona kinyume kabisa. Siku ile, anasema, alipokuwa chini ya vile vitenge, alijua dansi yake ilitakiwa kuishia pale. Akakata kila kilichofuata.

Tangu hapo ameicheza "Sakafu" mara kumi na nne Butembo na Beni. Hakuna hata mara moja aliyolala zaidi ya dakika mbili. Huko Beni, askari mmoja aliyetoka mbali, Étienne, alimfunika koti lake la mvua akimsihi kwa Kilingala: "Ndeko, telema," yaani ndugu, simama. Alipoelezwa kuwa ni dansi, alilia, akaondoka bila kuchukua koti.

Kisha ikaja Ubelgiji, mwaka jana. Ukumbi wa watu mia tatu, viti laini, taa nzuri. Séphora akaanguka. Akasubiri.

"Dakika moja. Mbili. Nikasikia mutu anakohoa. Nikajisemea, sasa anakuya. Tano. Mwili ilianza kupata baridi. Nilikuwa nawaza ba mama ba hapa. Nikasema, Mungu, lete hata mumoja."

Dakika ya kumi na moja fundi wa taa akaona huruma, akazima. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama wote, wakati ambapo hakuhitaji tena wasimame. Gazeti moja likasifu "upweke wa kishujaa" wa msanii kutoka Kongo.

"Nilienda hoteli nikalia kama mutoto," anasema. "Si kwa hasira. Nilikuwa natamani tu mutu mumoja."

Hamu hiyo haijamtoka, na sasa imepata tarehe. Amealikwa tena Ulaya, miji mitano ndani ya mwezi mmoja. Kwa mcheza dansi chipukizi, ziara kama hiyo ndiyo inayofungua milango mingine, na ikimwendea vibaya inaifunga. Waandaaji, kwa nia njema, walimwandikia kuwa kila mji wataweka mwigizaji katikati ya watazamaji ili ainuke kwa wakati. Grady anaona hilo halina ubaya.

"Mwambie akubali," aliniomba. "Dakika kumi na moja za ukimya, mara tano, c'est trop, ni nyingi mno. Watamchoka."

Séphora alikataa. Mwigizaji anajua, anasema, na anayejua haogopi kwamba unakufa. Akawaomba badala yake wamlete Mama Berthe. Kwa mshangao wake, wakakubali: tiketi, pasi, kila kitu.

Aliyekataa ni Berthe.

Alimjibu palepale ghalani, mikono ikiendelea kuchambua, na siku nilipomuuliza mimi hakuisimamisha pia. Mwaka 2019 binti yake Aurélie alikwenda shambani karibu na Beni na wenzake watatu. Watu wenye silaha wakawachukua. Wawili walirudi, mmoja akazikwa. Aurélie hakurudi, wala hakuonekana kati ya waliokufa. Tangu siku hiyo Berthe hajalala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Harusi za ndugu huhudhuria mchana na kurudi. Paa linavuja, na wanawe wengine wamempa chumba kwao, hataki.

"Nikienda mwezi muzima, akifika atakuta mulango umefungwa," anasema. "Atafikiri nilimusahau."

Kisha akaongeza jambo ambalo Séphora hakuwa amelifikiria. "Na tena mimi sasa najua. Ile siku nilisimama sababu sikujua. Sasa nitasimama kama huyo mwigizaji wabo. Itakuwa bongo, uongo mutupu."

Sijui kama kuna profesa wa sanaa ambaye angelisema hivyo kwa maneno machache zaidi. Siku ya nne Séphora akawaandikia waandaaji: hakuna mwigizaji, hakuna Berthe, atakwenda peke yake, ila taa zisizimwe mpaka mtu ainuke. Wakavutana kwa barua wiki mbili. Mwishowe wakamruhusu masaa mawili baada ya kuanguka, na mlango ubaki wazi kwa atakayechoka kwenda zake.

Anaondoka baada ya wiki tisa, kwa barabara ya Kasindi hadi Kampala, kisha ndege. Ndiyo maana sasa hafanyi mazoezi ya kuanguka tu. Baada ya kazi analala kwenye saruji, kila siku dakika chache zaidi ya jana, auzoeshe mgongo baridi. Juzi alifika dakika hamsini.

Mbele ya Berthe nilisema kwamba masaa mawili sakafuni ni mateso. Berthe aliacha kuchambua kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Masaa mbili?" aliniuliza. "Mimi niko mu mwaka ya sita."

Nikamgeukia Séphora, nikamuuliza kama haogopi masaa hayo yaishe watu wote wakiwa wameketi.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Mais sitaki ukumbi yote isimame. Nataka mutu mumoja tu asahau kama alilipa tiketi."