Jicho la Kushoto la Shemeji

Mume wangu tulimzika kwenye mteremko juu ya Bwera. Nyumbani kwetu moto wa matanga huwaka uani mpaka ndugu wa marehemu auzime kwa mkono wake. Ndugu alikuwa mmoja tu, shemeji yangu, mkulima wa kahawa kutoka Kyarumba, mtu wa utani hata msibani. Kaburini alimlaumu marehemu kwa kuondoka kabla ya kuvuna maharage, watu wakacheka huku wanalia. Mimi sikulia. Machozi hayanitoki haraka, na wapo walionitazama vibaya kwa sababu hiyo.

Asubuhi iliyofuata shemeji alikuwa akipasua kuni za mkaratusi kwa ajili ya ule moto. Kibanzi kiliruka kikampiga usoni. Alikaa chini taratibu, kiganja juu ya jicho la kushoto, damu ikipita katikati ya vidole. Niliomba kimoyomoyo kwamba msiba wangu usichukue na jicho lake.

Huku kwetu jicho lililoumia hutiwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Jirani yetu, muuza vitenge kutoka Butembo, alikuwa na mtoto mgongoni. Alikuja akifungua kifungo.

"Miye niko na maziwa. Mulaze huyo mutu hapa."

Shemeji akasema kwa tiba ya namna hiyo yuko tayari kuumia na la pili. Mkewe hakucheka. Alimfunga leso kichwani juu ya jicho, akaikaza kwa nguvu zote, tukampakia kwenye bodaboda.

Hospitalini muuguzi wa macho, dada mdogo mwenye sauti ya chini, kitu cha kwanza alifungua ile leso.

"Jicho lililopigwa halibanwi," alisema. "Likiwa limepasuka, mkilibana mnalimalizia."

Mke wa shemeji aliitazama mikono yake. Muuguzi akainua vidole, akauliza ni vingapi.

"Viwili," shemeji akajibu. "Na pete sioni."

"Mkeo yuko nyuma yako, baba."

Nilidhani tumemaliza, kwa kuwa anaona. Kumbe muuguzi ndiyo kwanza ameanza. Alimulika mboni kwa tochi. Akamwambia atazame juu, chini, kulia, kushoto bila kugeuza kichwa, maana mfupa wa chini ya jicho ukivunjika unaweza kunasa nyama zinazozungusha jicho. Alipapasa mfupa wa nyusi na wa shavu, akauliza kama shavu limekufa ganzi. Mwisho akainama karibu na pua na kukaa hapo muda mrefu mpaka nikaogopa.

Jicho lenyewe ni zima, alituambia, na mifupa pia. Ila kope imechanika kwenye kona, pale penye kijia kinachopeleka machozi puani, na kijia hicho kimekatika. Alikata kitako cha kikombe cha karatasi, akakibandika juu ya jicho bila kuligusa, akatuandikia twende hospitali kubwa, mbali kupita Kasese. Alituonya pia kwamba hata kikishonwa vizuri, kijia hicho kinaweza kugoma, na machozi yakawa yanamwagika shavuni hata asipolia.

Majirani waliulisha moto wetu kuni mpaka shemeji aliporudi. Yule wa vitenge alipeleka mafungu kuliko wote, akidai maziwa yake yalidharauliwa.

Kijia kiligoma. Siku ya kuzima moto shemeji alimwaga maji, akafagia majivu, na machozi yalimtiririka kutoka jicho moja tu, la kushoto. Bibi mmoja wa ukoo akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba huyo ndiye anayejua kuomboleza.

Shemeji alikuja akaketi kando yangu.

"Hili la kushoto ni lako, shemeji," aliniambia polepole. "Mimi nitalia na la kulia."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu maziko. Kisha nikachukua pindo la kitenge changu nikampangusa shavu, kuanzia chini, bila kubana.