Ng'ombe wa Guyo Waliofika Nairobi

Mdomo huu utaniponza. Orodha ya ng'ombe waliochanjwa Kinna ilipaswa kuingia kwenye seva, kompyuta kuu ya idara ya mifugo, kule Nairobi, la sivyo chanjo nyingine haziji ofisini kwetu Isiolo. Nikafungua programu kwenye laptopu, nikabonyeza anwani ya seva niliyoikuta humo, orodha ikapokelewa papo hapo. Nikamcheka Halima, karani wetu, na daftari lake.

"Sisi wengine tunaongea na Nairobi moja kwa moja!"

Guyo, mfugaji aliyekuwa akisubiri ng'ombe wake waandikishwe, akanipa mkono wa pongezi.

Halima akainua waya wa intaneti. Haukuwa umechomekwa popote. "Nairobi umefikaje, bwana mtaalamu?"

Nikaiangalia ile anwani. Ilikuwa ya laptopu hii hii, niliyoiweka nilipokuwa nikifanya mazoezi nyumbani; orodha ilikuwa imejituma humo humo.

Guyo akauondoa mkono wake. "Kumbe ng'ombe wangu bado wako hapa mezani?"