Kaseti ya Renovat: Kutoka Nyamahanga Hadi Kambini

Ujumbe uliletwa kwa mdomo. Mama mmoja anayezungusha vitenge minadani alisimama mlangoni kwangu, Nyamahanga, akaniuliza kama mimi ndiye Editha wa Kirushya, yule aliyeolewa huku Biharamulo. Nikamjibu ndimi.

"Spès wa kambini anakusalimu," akasema. "Amejiandikisha kurudi Burundi. Magari yao yanaondoka wiki hii. Anasema kama unaweza, muonane."

Niliacha gauni la watu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa, nikaingia ndani kutafuta kaseti. Ilikuwa pale pale, ndani ya bati la majani ya chai juu ya kabati. Mume wangu Thobias aliporudi shambani alinikuta nimeishika.

"Mama Neema, unakwenda," alisema. Hakuwa ananiuliza.

"Nakwenda."

"Nenda. Mtoto nitabaki naye. Nikikuzuia utanikumbusha mpaka nizeeke."

Niwaeleze kwanza habari ya kaseti hiyo. Spès na mama yake walifika nyumbani kwetu Kirushya katika ule mwaka ambao watu wa Burundi walikuwa wakivuka mpaka kila siku, usiku na mchana. Wengine walilala kwenye migomba ya baba, wengine jikoni. Mama yake na mama yangu walielewana tangu salamu ya kwanza, maana Kirundi chao na Kihangaza chetu ni kama watoto wa nyumba moja. Spès alikuwa na umri kama wangu. Hakuwa na mzigo wowote isipokuwa kaseti moja mfukoni. Karatasi yake ya juu ilikuwa imelowa mtoni hata maandishi yamefutika, na hadi leo sijui jina la wanamuziki wale. Baba alikuwa na redio kaseti aliyoinunua baada ya kuuza kahawa. Tukaiweka.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Magitaa yalinguruma kama mvua inayokuja juu ya bati, mwimbaji alikuwa anapasua koo, na ngoma hazikupumzika. Baba alitoka nje akiuliza ni mashine gani imeharibika. Mwenye duka pale Ngara ndiye aliyetuambia baadaye kwamba huo ni muziki wa roki. Sisi tulikuwa tumeshazipa nyimbo majina yetu. Wa kwanza tuliuita "Mvua". Mmoja, ambao gitaa lake lilianza kwa kukwaruza, tuliuita "Mzee Anakohoa". Wa tatu tuliuita "Lori", kwa sababu ngoma zake zilikwenda kama lori lenye mzigo linalopanda mlima kwa gia ndogo.

"Ni ya nani?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ya kaka yangu Renovat. Yuko nyuma, anakuja."

Miezi michache baadaye wakimbizi waliokuwa vijijini wakapelekwa kambini. Wakati wa kupanda gari Spès alinitia kaseti mkononi. "Huko hakuna redio," alisema. "Kaa nayo wewe. Kaka akipita hapa na kuuliza, umwonyeshe, halafu umwambie tuko wapi." Nikakaa nayo. Kaka hakupita. Mimi nikaolewa, nikahamia Nyamahanga, na kaseti ikaja nami.

Asubuhi ya Jumanne Thobias alinipeleka kwa baiskeli hadi barabara kuu. Basi lilikuja limejaa mihogo juu na kuku chini, nikapata kiti upande wa dirisha. Pale Nyakahura tulisimama. Miaka ile majambazi walikuwa wakiteka magari porini, kwa hiyo mabasi yalikusanyika mpaka polisi wapatikane wa kuyasindikiza. Wauza mahindi ya kuchoma walipita madirishani. Askari mmoja akaingia kukagua abiria.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kasuro."

Akanigeukia vizuri. "Kasuro au Kasulo?"

Ulimi wangu haujawahi kutofautisha herufi hizo, na nikiwa na hofu ndiyo unaharibika kabisa. "Kasuro," nikarudia.

"Huyu Mrundi huyu. Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"

Nilitoa kadi ya kupigia kura. Aliigeuza mara mbili tatu, macho yake yakinirudia usoni. Nyuma yangu bibi mmoja mwenye kikapu akasema kwa sauti, "Mwanangu, ukiwakamata wote wanaosema Kasuro, Ngara nzima itabaki na mbuzi tu." Basi zima likacheka. Hata askari alicheka, akanirudishia kadi. Nikaitia kadi mkobani, basi likaondoka. Nilifikiri: Spès ameishi na swali hili miaka yote hii, na yeye hana kadi ya kutoa.

Ndani ya pori hakuna aliyezungumza. Gari la polisi lilikuwa mbele, vumbi lake likitufunika. Ili nisiogope nikaanza kuimba albamu yangu moyoni, kuanzia wimbo wa kwanza. Ndivyo nilivyozoea. "Mvua" ndiyo niliyojifunzia cherehani; mguu wangu ulifuata ngoma zake mpaka fundi aliyenifundisha akaniuliza nakimbilia wapi. "Mzee Anakohoa" niliuimba kimoyomoyo nikiwa na uchungu wa kumzaa Neema. Wimbo wa mwisho, ule wa taratibu, Thobias aliusikia siku alipokuja nyumbani mara ya kwanza, akasema hauelewi lakini unamfanya atake kukaa. Kwangu mimi kaseti hii ilikuwa furaha tupu. Kila wimbo ulikuwa na harufu ya Kirushya: maharage mabichi jikoni, kahawa inayoanikwa, wasichana wawili wakicheza mpaka kanga zinadondoka.

Ni "Lori" peke yake ambalo Spès hakulicheza. Lilipoanza alichukua ndoo akaenda kisimani. Nilidhani ameuchoka wimbo kwa sababu ya urefu wake.

Kasulo tulifika jua likiwa juu. Nikashuka njia panda, nikapata lifti ya gari la maji hadi kambini. Mara ya mwisho nilipokwenda nilikuwa na mimba ya Neema. Turubai nyingi sasa zilikuwa zimegeuka nyumba za udongo, na kati ya nyumba watu walipanda maua na maboga. Lakini safari hii nyumba kadhaa zilikuwa zimeshaezuliwa. Watu walifunga magodoro, waligawa sufuria, waliuza milango.

Spès alikuwa mlangoni akichambua maharage, binti yake mdogo Divine amelala mgongoni. Aliponiona alisimama, maharage yote yakamwagika.

"Amahoro, Editha!"

"Amahoro, wewe! Ungeondoka bila kuniaga?"

"Ningeanzaje?"

Tukacheka, tukalia, tukaokota maharage. Aliniambia mumewe, Salvator, alitangulia na gari la kwanza kwenda kuona kama shamba lao bado lipo. Mama yake nilijua ameshafariki. Alizikwa kwenye makaburi ya kambi, nyuma ya zahanati. Spès alikuwa ametoka kulipalilia kaburi asubuhi hiyo.

"Kumwacha hapa ndiko kunakonishinda," alisema.

"Nitakuwa napita. Kila nikija kuwaona wazazi nitapita hapa."

Akanishika mkono. Ndipo nilipoona wakati umefika. Nikatoa kaseti kwenye mkoba.

Nilitegemea atapiga kelele za furaha. Alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Irudishe mkobani, Editha."

"Ni yako. Nimekuletea urudi nayo nyumbani."

"Irudishe, nimekuomba."

Nikairudisha mkobani. Divine akaamka, akanyonya. Baada ya muda Spès akaanza kusimulia, akiwa anamtazama mtoto tu.

"Tulikuwa barazani, mimi na Renovat. Alikuwa ameinunua wiki hiyo, hata hajaizoea. Ukaanza ule wimbo tuliouita Lori. Akawa anapiga meza kwa vidole, ananiambia sikiliza hapa, sikiliza hapa. Tukasikia bunduki upande wa chini wa kilima. Akazima redio katikati ya wimbo. Akachomoa kaseti, akaniwekea mkononi, akasema, shika hii, mchukue mama, mimi namfuata baba shambani, nitawakuta njiani."

Hakuwakuta. Wala baba yao.

"Nilikuwa nakwambia anakuja," alisema, "na mimi mwenyewe nilikuwa najua haji."

Miaka yote ile nilikuwa nikicheza juu ya jambo ambalo lilikuwa limemchoma. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kucheza nilikuwa nacheza kweli. Nyimbo nyingine zilikuwa zangu na wewe. Ule mmoja tu ndio sikuweza."

Jioni, jua lilipopoa, tulikwenda sokoni kutafuta kamba ya kufungia mizigo. Kwenye kibanda cha kinyozi, kijana anayeitwa Gervais, kulikuwa na redio kaseti imeunganishwa kwenye betri ya gari. Nyimbo za dini zilikuwa zinapigwa. Tulishapita hatua chache Spès aliposimama.

"Unayo mkobani?"

"Ninayo."

"Huo wimbo unaishaje?"

Sikumwelewa.

"Lori. Sijawahi kuusikia mwisho wake. Kule ulikatika, kwenu nilikuwa natoka. Unaishaje?"

Ningeweza kumweleza, lakini nilimshika mkono tukarudi. Gervais alitaka kujua ni muziki gani, nikamwambia ataujua akiuweka. Mteja aliyekuwa na povu nusu ya kidevu akaambiwa asubiri. Nikaipeleka kaseti mbele mpaka wimbo wa tatu.

Ngoma zikaanza kupanda mlima. Spès alisimama wima, mkono mmoja kwenye nguzo ya kibanda, mwingine ukimshika Divine mgongoni. Niliogopa ataondoka. Uso wake ulikakamaa wimbo ulipofika mahali fulani, karibu na katikati, nami nikajua ndipo pale. Magitaa yakapandiana, mwimbaji akapasua koo, watu waliokuwa wakipita wakasimama kutazama kibanda. Halafu, kama wimbo huo unavyofanya, kelele zote zikaondoka moja moja. Ngoma zikalegea. Likabaki gitaa moja, taratibu, likitembea tambarare, na mwisho kabisa mmoja wa wanamuziki anacheka kidogo kama mtu aliyetua mzigo.

Spès alifumba macho, machozi yakamshuka.

"Kumbe lile lori linafika," akasema.

Gervais hakuelewa, lakini alipunguza sauti kwa heshima. Yule mteja mwenye povu akauliza kama unaweza kurudiwa. Tukaurudia. Mara ya pili Spès alipiga nguzo kwa vidole, na Divine akawa anajirusha mgongoni. Tulipomaliza alinyoosha mkono.

"Sasa nipe."

Nikampa. Nitasema ukweli, mkoba wangu ulikuwa mwepesi vibaya sana nilipotoka pale.

Asubuhi ya kuondoka mabasi na malori yalipangwa kwenye uwanja wa wazi. Watu waliitwa, wakapanda, wakashuka kufuata kitu walichosahau, wakapanda tena. Mwanamke mmoja alikataa kumwacha mbuzi wake mpaka akaruhusiwa. Spès alikaa dirishani, Divine kwenye mapaja. Hatukuagana kwa maneno mengi. Gari lilipoanza kusogea aliinama nje akaniuliza kwa sauti kubwa, "Hivi yule mzee kweli anakohoa, au ni gitaa?" Nikacheka, nikakimbia kando ya basi kama mtoto mpaka vumbi likanishinda.

Kutoka hapo nikapanda gari la kwenda kwetu Kirushya. Baba alikuwa uwanjani anapura maharage kwa fimbo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Amekwenda?" Nikachukua fimbo ya pili, tukawa tunapiga kwa zamu, na katikati ya kazi nikamsimulia habari za Renovat.

Baba hakushangaa. "Nilijua," alisema. "Mama yake alituambia wiki ile ile waliyofika."

"Mbona hamkuniambia? Ningemuuliza. Ningejua namna ya kukaa naye."

Aliacha kupiga. "Ungemtazama kwa huruma kila siku. Wa kumhurumia alikuwa nao wengi. Wa kucheza naye alikuwa wewe tu. Unafikiri mimi nilikuwa nanunua betri kila gulio kwa kuipenda ile mashine yenu?"

Akaendelea kupura. Mimi nilichelewa kidogo kuinua fimbo yangu.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Pale Nyakahura askari alikuwa mwingine, hakuniuliza kitu. Porini abiria walizungumza habari za mvua na bei ya maharage, nami nilikuwa nikiwaza maneno ya baba. Nilikuwa nimetoka kambini nikijilaumu kwamba sikuuliza. Sasa niliona kwamba upo wakati wa kuuliza, na upo wakati ambao rafiki anataka ucheze naye tu, na siku atakayokuwa tayari atasimama mwenyewe njiani akuulize wimbo unaishaje. La muhimu ni uwe umefika, umesimama karibu. Hilo ndilo nililorudi nalo Nyamahanga, nami nikamweleza Thobias, akasema ni zito kuliko kaseti.

Mavuno yaliyofuata, mama wa vitenge alipita tena. Safari hiyo alikuwa ametoka ng'ambo, mnada wa huko Burundi. Alitua mzigo wake, akaomba maji, akanywa yote kabla ya kusema.

"Wamefika kwao. Nyumba haina paa, wamejishikiza kwenye chumba kimoja. Lakini anasema nikwambie migomba ya mama yake imezaa, miaka yote hii bila kupaliliwa. Anasema uende mkale ndizi."

Nikamvutia kiti akae, nikamwomba anisimulie tena, polepole, kuanzia alipomwona.