Yai Langu na Kona za Mdogo Wangu

Mimi niliishia darasa la nne, na mpaka leo sijaona darasa la tano lilikuwa na nini. Nina trekta mbili, nina nyumba ya vigae pale Somanda, na mdogo wangu ni injinia wa barabara kwa sababu mimi niliuza ng'ombe ili akasome. Nayasema haya mapema, ukifika mwisho usije ukadhani ulikuwa unasoma habari za mjinga.

Wazo la uwanja wa mbio za pikipiki lilikuwa langu. Vijana wa bodaboda hapa Bariadi wanashindana barabarani kila siku, na washindi tunakwenda kuwaona hospitali. Nikasema tuwape mahali. Shamba la marehemu baba lilikuwepo, na pamba yake ilishanichosha. Nilikuwa nimeona kwenye simu wanavyofanya wenzetu wa ng'ambo: njia moja ndefu ya mviringo, mfano wa yai, kingo zimeinuliwa, hakuna cha breki, ni mafuta tu.

Mdogo wangu akacheka. "Kaka, huko ni kuzunguka. Mbio ni kona."

Akafungua kompyuta, akachora njia ya kona saba. Alichora wiki tatu. Yai langu nililichora asubuhi moja: vigingi viwili, kati yake kamba ya ng'ombe iliyolegea, nikaivuta kwa fimbo huku natembea, mstari ukatoka. Injinia akaja na mashine yake ya kupima. Akapima, akapima tena, akanyamaza. Msomi akinyamaza, hicho ndicho cheti. Ninacho.

Basi nikachonga yai langu upande mmoja wa shamba, naye akachonga kona zake upande wa pili, katikati uzio wa minyaa wa zamani wa baba. Mama alipokuja kuona, alishika kiuno.

"Mmenifukulia shamba kama nguruwe. Njia moja itabaki. Nyingine irudi kuwa pamba."

"Na mshindi atajulikanaje, mayu?" nikamuuliza mama.

"Kama ngoma inavyojulikana."

Kwa asiye wa kwetu: ngoma zetu vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji, hakuna karatasi. Watazamaji wenyewe wanahama, na mwenye watu wengi mwishoni ndiye ameshinda. Injinia, na digrii yake yote, akakubali pikipiki zishindanishwe kama ngoma. Nikakubali pia, maana kuvuta watu ni kazi yangu.

Siku yenyewe watu walikuja hata kutoka Mwamapalala na Lalago. Upande wangu ulijaa kwanza, nilikuwa na spika na viti vya plastiki. Mdogo wangu alikuwa na kibao cha usalama. Saa tisa vijana wakaziachia pikipiki, sita kwangu, sita kwake.

Mzunguko wa kwanza watu walipiga kelele. Wa pili, makofi. Wa tatu, mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia aliniuliza kwa heshima kabisa, "Huyu kijana mbona anarudi? Amesahau nini?"

"Anashindana, mzee."

"Lakini si ameshapita hapa?"

Bibi mmoja nyuma yake akamalizia, "Ng'ombe wa kamba huyo. Majani yake yameisha, anasubiri kuhamishwa kigingi."

Wakacheka, na ng'ambo ya minyaa ikalipuka kelele: mtu ameteleza kona ya tatu, kaingia kwenye tope mpaka masikio. Basi. Watu wetu waambie mtu ameanguka, hata anayeombewa kanisani atafungua jicho. Walihama wote. Mke wangu alihama na kiti, kiti nilichonunua mimi. Mwishowe madereva wangu sita nao wakasimama, wakapanda juu ya tangi wachungulie.

Nikaona yai langu linakwenda kuwa pamba. Nikamwendea wa kwanza. "Shuka."

"Mzee, helmeti je?"

"Nina kichwa."

Nilikwenda! Tumbo juu ya tangi, shati limejaa upepo. Mzunguko wa kwanza vichwa viligeuka. Wa pili watu walianza kurudi kwenye uzio, wananiita. Wa tatu nikafika ukingo wa mashariki, ambao dereva wangu wa trekta hakuupandisha sawasawa, mpuuzi yule. Pikipiki haikukata kona. Nilitoboa minyaa, nikapita hewani, nikatua kwenye tope la kona ya tatu.

Bariadi haijawahi kusikia shangwe ile. Walinizunguka wote, hata madereva, hata yule bibi. Mama akapenya.

"Umeumia?"

"Hapana, mayu. Umeona watu?"

"Nimewaona. Na kule kwako wako wangapi?"

Nikachungulia kwenye tundu nililotoboa. Viti, spika inaimba peke yake, na mbuzi.

"Haya," mama akasema. "Kalime."

Mdogo wangu alinipa mkono kunivuta. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Leo kona ya tatu inajaa kila mashindano, na kila mtu anajua nani aliifungua.

Yai nimelilima mwenyewe. Ila mistari sikuinyoosha. Nilifuata njia yangu ileile, pamba ikaota mviringo. Msimu wa kuchuma mama alisimama na kiroba kichwani, akanipigia kelele kutoka katikati ya shamba: "Mbona nimerudi tena hapa?"